Adapta Iliingia, Volti Zilikuwepo, Kompyuta Ikazorota: Kisa cha Steshenari ya Ng'ong'ona

Mwezi wa sita Ng'ong'ona haina usingizi. Wanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wako kwenye ripoti zao za mwisho, na kila steshenari ina foleni ya watu wenye flashi mkononi: huyu anataka kuprinti, yule anaskani vyeti vya kupandisha Ajira Portal, mwingine anaomba abaindiwe kazi yake kabla mhadhiri hajatoka ofisini. Msimu huo ndipo dada mmoja mwenye steshenari aliponipigia simu. "Fundi, njoo uione hii mashine kabla sijaiuza kwa bei ya chuma chakavu. Imenila hela mpaka nimechoka, na bado inatambaa."

Naandika kisa hiki kirefu kwa makusudi. Kilichomkuta dada yule nimekikuta tena kwa watu wengine wawili hapa Dodoma, na wote walikuwa wameshalipia matibabu ya ugonjwa usiokuwepo.

Kompyuta yenyewe ni Dell OptiPlex 3050 Micro, moja ya zile ndogo zinazojificha nyuma ya skrini, ukubwa wake kama kitabu kinene. Aliinunua ikiwa used. Prosesa ni Core i5-7500T, RAM GB 8. Hizi mashine zimependwa sana na wenye steshenari kwa sababu hazili nafasi mezani wala uniti za LUKU: prosesa yenyewe imepangiwa wati 35 tu. Tofauti yake na kompyuta kubwa ya mezani ni kwamba ndani haina pawa saplai. Umeme wa ukutani unageuzwa nje, kwenye adapta kama ya laptop, na mashine inaingiziwa volti 19.5 zilizokwisha kuiva. Kwa hiyo adapta ndiyo pawa saplai yake. Ukikosea adapta, umekosea kiungo kizima cha mashine.

Nilipofika nilimkuta mwanafunzi amesimama pale kaunta, faili lake la Word limefunguliwa. Kurasa tisini na kitu, zenye picha na majedwali. Chini kushoto mwa skrini Word ilikuwa inahesabu kurasa: 11... 12... ikatulia... 13. Kijana akavumilia mpaka ishirini na kitu, kisha akasema kwa upole, "Dada, naomba flashi yangu, nitarudi." Hakurudi. Dada hakusema neno, alinitazama tu.

Nilianza kwa kumuuliza historia, maana mashine haizoroti bila kuwa na siku ilipoanzia. Akakumbuka vizuri. Mwezi wa nne, jioni moja, umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi tena ndani ya dakika chache. Kwenye ekstensheni moja alikuwa amechomeka mashine ya fotokopi, ya laminesheni, skrini na kompyuta. Ikasikika harufu ya plastiki iliyoungua na adapta ikafa. Mashine ilipona, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu adapta ikifa yenyewe bila kupitisha balaa ndani, imeufia ubao wa kompyuta.

Kesho yake mdogo wake akaenda mjini na ile adapta iliyokufa mkononi. Muuzaji akasoma lebo: volti 19.5, ampea 3.34. Akatafuta kwenye shelfu, akapata nyingine yenye volti 19.5, ampea 3.33. Akalinganisha pua za waya, zikawa sawa. Bei 25,000. Kijana akairudisha dukani, ikaingia kwenye tundu bila kulazimishwa, taa ikawaka, kompyuta ikawaka. Kwa haki kabisa, yule muuzaji alifanya kile ambacho mafundi tunawasihi watu wakifanye: alisoma namba, hakubahatisha.

Ila kuanzia siku ile kompyuta ikiwashwa ilitoa kwanza maandishi ya Kiingereza kwenye skrini nyeusi. Mdogo wake alijifunza kubonyeza kitufe ili iendelee. Na ilikuwa nzito. Fundi wa kwanza akaja, akapima adapta kwa mita, akasoma volti 19.6, akasema adapta nzima, hivi ni virusi. Akapiga Windows upya kwa 20,000, na kwa nia njema akaingia kwenye bayosi, ule ukurasa wa mipangilio ya mashine unaofunguka kabla ya Windows, akaondoa ule ujumbe wa asubuhi ili usimsumbue mteja. Fundi wa pili akasema diski ndiyo imechoka. Akaweka SSD, zile diski za kasi zisizozunguka, ya GB 240, dada akatoa 75,000. Kuwaka kukawa na unafuu kidogo, lakini kazi zikiongezeka inakwama palepale. Jumla, pamoja na adapta, ni 120,000, na bado hujahesabu wanafunzi waliochukua flashi zao.

Mimi pia sikuanzia kwenye adapta. Nilianzia kwenye vumbi. Upepo wa Dodoma kuanzia mwezi wa sita unajulikana, na Ng'ong'ona kuna viwanja vingi vya wazi. Nilifungua mfuniko, kweli feni lilikuwa limevaa blanketi la vumbi. Nikapuliza, nikasafisha, nikaiwasha ikiwa bado wazi. Nikafungua Task Manager upande wa Performance, nikafungua lile faili la kurasa tisini lililokuwa limebaki kwenye mashine. Matumizi ya prosesa yakapanda hadi asilimia 100 yakaganda hapo. Nikagusa pembeni mwa chuma cha kupoozea prosesa kwa kidole.

Kilikuwa baridi kama mtungi wa maji.

Hapo ndipo nilipojua kwamba sote watatu tulikuwa tumepotea. Prosesa iliyozidiwa na kazi kwa asilimia 100 lazima iwe ya moto, na ikizorota kwa sababu ya joto basi chuma kile kingeniunguza. Yenye kazi asilimia 100 na bado baridi ni prosesa iliyofungwa kamba. Nikaangalia kasi: gigahezi 0.78. i5-7500T ina kasi ya msingi ya 2.7 na inaweza kupanda hadi 3.3 ikibanwa na kazi. Kwenye mashine nzima namba ile inarukaruka muda wote, inashuka ukiacha kazi na kupanda ukifungua kitu. Hii haikutikisika, 0.78 kwa dakika tano nzima.

Nikafuata waya wa adapta kwa mkono mpaka kwenye tundu, nikauchomoa, nikauelekeza mlangoni kwenye mwanga. Ndani ya pua kulikuwa na duara la rangi ya bluu, na katikati yake pini nyembamba kama sindano. Ile iliyokufa, ambayo dada alikuwa ameitunza droo ya chini, ilikuwa na umbo lilelile, kipenyo kilekile cha milimita 4.5 kwa nje na 3 kwa ndani, sindano ileile katikati. Isipokuwa ilikuwa nyeusi. Pua ya bluu ni ya HP.

Sasa nieleze hiyo sindano, maana kisa kizima kimelala hapo. Umeme wa adapta hizi unapita kwenye njia mbili: ukuta wa ndani wa ile pua ni chanya, ukuta wa nje ni hasi. Sindano ya katikati haipitishi umeme wa kuendesha mashine. Inapitisha utambulisho. Ndani ya adapta ya Dell kuna chipu ndogo ya kumbukumbu iliyoandikwa wati, volti na ampea za adapta hiyo. Kompyuta ikiwaka inaiuliza chipu kupitia sindano: wewe ni nani, na una nguvu kiasi gani? Ikipata jibu, inafanya kazi kwa uwezo wake wote. Ikikosa jibu haijizimi. Inachukua tahadhari, inajishusha hadi kasi ya chini kabisa ili isije ikavuta umeme kuliko ambao adapta isiyojulikana inaweza kutoa. HP nao wana sindano, na Lenovo wanayo kwenye ile plagi yao ya mstatili yenye rangi ya njano, lakini kila mmoja ana namna yake ya kujitambulisha. Lenovo kwa mfano hutumia rezista tu, kile kipande kidogo cha kuzuia umeme, haina chipu. Kwa hiyo adapta ya HP kwenye tundu la Dell ni sawa na mgeni anayebisha hodi kwa lugha isiyojulikana mle ndani. Anafunguliwa mlango, lakini haachiwi funguo za stoo.

Ndiyo maana mita ya fundi wa kwanza haikudanganya na bado haikusaidia. Ilipima njia mbili kati ya tatu. Tena ilipima adapta ikiwa haina mzigo, na adapta iliyochoka inaweza kuonyesha volti kamili ikiwa imekaa bure, kisha ikaporomoka ikipewa kazi.

Nilitaka ushahidi kabla dada hajatoa shilingi nyingine. Nikaingia kwenye bayosi kwa F2, nikarudisha maonyo aliyoyazima fundi, nikawasha. Maandishi yale ya mwezi wa nne yakarudi, nikamsomea dada kwa Kiswahili: aina na nguvu ya adapta haijulikani, mashine itafanya kazi polepole. Akashika kichwa. "Kumbe ilikuwa inasema siku zote?"

Kwenye foleni kulikuwa na wanafunzi wawili wenye laptop za Dell. Nikaomba chaja. Ya kwanza ilikuwa na pua inayofaa, lakini lebo ilisema ampea 2.31. Zidisha kwa 19.5 unapata wati 45, na mashine hii imekuja na adapta ya 65. Nikamrudishia. Ya pili ilikuwa 3.34. Nikazima, nikachomeka, nikawasha. Onyo halikuja. Nikafungua faili la kurasa tisini huku wote wameinamia skrini. Word ikahesabu kurasa zote kabla sijatoa mkono kwenye mausi, na kasi ikapanda juu ya gigahezi 3. Mwenye chaja akasema, "Dada, basi uniprintie mimi kwanza." Ilikuwa haki yake.

Kuhusu namba za lebo, nitatumia simtanki, kwa sababu kila mtu hapa Dodoma anayo au anaitamani. Volti ni kimo cha mnara uliobeba tangi. Mabomba ya nyumba yametengenezwa kuvumilia kimo fulani. Ukipandisha tangi juu mara mbili, viungio vinapasuka. Kwa hiyo volti lazima zifuate zile zilizoandikwa kwenye mashine, na "zinakaribiana" ninayoikubali ni ya nusu volti tu. Tofauti ya 19 na 19.5 au 19.5 na 20 mara nyingi huvumilika, ya 12 na 19 haivumiliki hata kidogo. Ampea ni ukubwa wa tangi na bomba lake. Tangi likiwa kubwa kuliko mahitaji, maji hayakufuati ndani kwa nguvu. Wewe ndiye unayefungua koki kwa kiasi chako. Watu wengi wanaogopa kwamba adapta ya wati 90, ile ya ampea 4.62, itaunguza mashine ya 65. Haitaunguza. Mashine ndiyo inayovuta. Hatari iko upande wa pili: adapta ndogo inayokamuliwa kuliko uwezo wake inachemka, inashuka volti, mashine inajizima katikati ya kazi, na mwisho adapta inakufa. Hizo wati 65 si za mapambo pia. Prosesa ina 35 zake, kuna diski, RAM, feni, halafu kila tundu la USB 3 linaweza kudaiwa hadi wati 4.5, na steshenari huwa na flashi, skana, kibodi na mausi vyote kwa pamoja.

Basi tukakaa kuchagua. Dada alikuwa ameshaoneshwa adapta ya vichwa vingi, ile yenye vichwa nane vya kubadilisha. Nilimkatalia. Kichwa kinaweza kuwa na sindano lakini nyuma yake hakuna chipu ya kujibu, tungerudi kulekule kwenye 0.78. Kulikuwa na mpya yenye nembo ya Dell kwa 30,000 mjini, nyepesi mno mkononi, na muuzaji hakuwa tayari tuijaribu. Njia ya tatu ilikuwa adapta ya wati 90 ya Dell yenye pua kubwa ya milimita 7.4, pamoja na kiunganishi kidogo cha kuishusha hadi 4.5. Hiyo inafanya kazi vizuri, kwa kuwa kiunganishi cha kweli kinapitisha na sindano pia, ila ni kitu kingine cha kulegea nyuma ya meza ambako watu wanapita na miguu. Nikampa ushauri achukue used halisi ya wati 65.

Tulimpata muuzaji Kariakoo. Sikumwomba picha ya lebo, lebo hata kopi wanaibandika. Nilimwomba video ya WhatsApp: achomeke hiyo adapta kwenye Dell yoyote, aiwashe mbele ya kamera, halafu aushike waya karibu na pua na kuupinda taratibu huku na huku. Waya wa utambulisho ni mwembamba kuliko wenzake wawili, na sehemu inayokatika kwanza ni palepale shingoni. Adapta halisi ya Dell ikikatika waya huo inageuka kuwa mgeni kama zile nyingine: umeme unapita, utambulisho haupiti. Video ikaja, safi. Dada akalipa 45,000, na 5,000 ya parseli kwa basi. Asubuhi yake tukaifuata stendi ya Nanenane.

Wakati wa kufunga nilifungua plagi ya waya wa ukutani, nikakuta fyuzi ya ampea 13. Waya mwembamba wa adapta unahitaji fyuzi ya 3; ya 13 inangoja waya uungue ndipo ikatike. Fyuzi yenyewe ni bei ya maandazi. Nikatoa kompyuta na skrini kwenye ile ekstensheni ya fotokopi, nikaviweka kwenye soketi yao wenyewe yenye kile kifaa cha kulinda friji, kinachochelewesha umeme unaporudi mpaka utulie. Adapta nikaifunga pembeni mwa meza kwa tai za plastiki, ipate hewa. Awali ilikuwa imelazwa chini nyuma ya boksi za karatasi, imejaa vumbi, na kwa joto la mwezi wa kumi isingechukua muda. Akinunua UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, aweke kompyuta na skrini tu. Printa ya leza inavuta mamia ya wati inapopasha moto, itaiangusha UPS ndogo mara moja.

Kabla sijaondoka nilimwomba ile droo ya chini. Ilikuwa imejaa adapta: ya kisimbuzi, ya ruta, ya skrini ya zamani, ya kamera za ulinzi, moja isiyojulikana. Nilipoziona nilishtuka zaidi ya nilivyoshtuka kwa ile ya bluu. Ya ruta ilikuwa volti 12 na ya skrini 19, na pua zao ni duara lilelile la milimita 5.5 lisilo na sindano. Hapo hakuna wa kumuuliza mgeni jina lake. Zile kompyuta ndogo za bei nafuu zisizo na jina kubwa mara nyingi ni za volti 12 na tundu ndilo hilohilo. Siku mdogo wake atakapochomeka ya 19 gizani, hakutakuwa na onyo wala kuzorota, mashine inaweza kufa moja kwa moja. Mpya zinazotumia USB-C zina nafuu, kwa sababu chaja na mashine hupatana volti kwanza kabla ya umeme mkubwa kupita, mradi chaja ifikishe wati zinazotakiwa na waya uwe wa kuzibeba.

Tulikaa na kijana tukazisoma moja moja kwa tochi ya simu, pale palipoandikwa OUTPUT na si INPUT, tukakagua na ile alama ya duara inayoonyesha chanya iko katikati. Kila moja akaifunga gundi ya karatasi nyeupe na kuandika kwa maka: RUTA 12V, SKRINI 19V, KISIMBUZI 12V. Isiyojulikana tukaikata waya.

Ile ya bluu haikuwa mbovu hata siku moja. Wiki iliyofuata dada aliiuza kwa 20,000 kwa mwanafunzi mwenye laptop ya HP, baada ya kuijaribu kwenye laptop yake hapohapo kaunta na kuona inachaji.